Maua ya Kaskazi Katika Ua wa Nyumba

Aghalabu mtu ajengaye nyumba mpya huko Maramba, pale ambapo tambarare ya Mkinga hukoma na Milima ya Usambara Mashariki huanza kuinuka, hupanda maua yake wakati ambao kila kitu ni kibichi, yaani masika yanapokolea au vuli inaponyesha, na huyachagua kwa jicho la wakati huo. Kisha zifikapo siku za kaskazi, jua linapokaa juu ya utosi na udongo mwekundu unapokuwa mgumu hata jembe hulia, huona ua wake hauna rangi yo yote isipokuwa ile ya vumbi la barabarani, naye huilaumu ardhi ilhali ardhi haikukosa neno.

Vitabu vya bustani vilivyoandikwa Uingereza au Marekani havitufai sana katika jambo hili, maana kwao majira ya joto ndiyo majira ya kukua: mchana huwa mrefu, mvua haijakatika, na mti uliolala miezi ya baridi huamka ukachanua kwa pupa. Kwetu mambo ni kinyume. Joto letu kali la Januari na Februari huja pamoja na ukame, na mimea mingi hulala wakati ule ule ambao sisi twataka ituonyeshe haiba yake. Kwa hiyo atakaye rangi katika kaskazi hana budi kuuliza kwanza, kabla hajauliza bei ya mche kitaluni, kama mti ule huchanuzwa na kiu au huchanuzwa na maji. Kwani ya kwanza na ya pili yote ina maua mazuri, lakini wa kiu humstahimilia mwenye ndoo moja ya maji yaliyooshewa vyombo, na wa maji humfanya mwenyewe mtumwa.

Katika miti ya kiu, boganvilia ndiye sultani. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mtaalamu wa mimea Philibert Commerson aliukuta Rio de Janeiro mwaka 1767, akiwa katika msafara wa baharia Mfaransa Louis Antoine de Bougainville, ambaye jina lake ndilo mti ulilopewa. Kile tunachokisifu kwa wekundu, uzambarau au rangi ya chungwa si ua bali ni majani matatu yaliyovaa rangi, na ua lenyewe ni kile kijiti cheupe chembamba kilichomo katikati, ambacho watu wengi hawajapata kukitazama. Hapo ndipo ilipo siri ya uvumilivu wake, kwa sababu ua laini la kawaida hunyauka kwa siku moja au mbili za jua kali, lakini majani yale makavu, ambayo hayana maji mengi ya kupoteza, hubaki na rangi yake majuma kadhaa.

Wako watu wenye huruma nyingi mno, wanaoumwagilia boganvilia kila jioni na kuutilia samadi ya ng'ombe shinani, kisha wakashangaa kuona matawi marefu ya kijani yanayopanda juu ya paa pasipo ua hata moja. Mti huo umeshiba, na ulioshiba hauna haja ya kuchanua. Upande mahali penye jua la mchana kutwa, umwagilie mpaka ushike mizizi, baada ya hapo uuache. Na ukiupanda katika chungu au pipa lililotobolewa chini, mizizi ikabanwa, utachanua zaidi kuliko ulio huru ardhini. Maua yake hutoka kwenye matawi machanga, kwa hiyo hupogolewa mara yanapokwisha, wala asiwepo wa kuuonea haya kwa kisu, kwani ulioachwa miaka mitatu bila kukatwa hugeuka msitu wa miiba ambao hata kuku hawapiti.

Wa pili wake ni mnyonyore, nao kwa maoni yangu haupewi heshima unayostahili, labda kwa kuwa ni rahisi kupatikana na binadamu hukidharau kisicho na gharama. Maua yake ni mekundu yaliyotiwa ukingo wa manjano, na iko aina ya manjano matupu, yenye nyuzi ndefu zinazochomoza nje, na ndege chozi pamoja na vipepeo wakubwa hawaishi kuyazuru. Ni wa ukoo wa mikunde. Mbegu zake ngumu hutiwa katika maji ya moto zikalala humo usiku kucha, halafu hupandwa papo hapo mahali pake, na aghalabu huchanua kabla ya mwaka kutimia. Ukikatwa usawa wa kiuno kila mwaka hufanya ukuta mzuri wa maua. Ukiachwa hurefuka miguu mitupu, maua yote yakawa juu kabisa. Waridi la jangwani nalo, lenye shina nene lililovimba, huota lenyewe katika nyika kavu za Kenya na Tanzania na huchanua waridi na jekundu likiwa halina jani, lakini utomvu wake ndio uliotumiwa na wawindaji kutia sumu mishale, na mwenye watoto wadogo na aliweke mbali na mikono yao.

Haibiskasi ni wa maji. Ua lake hukaa siku moja tu, likafunga na kuanguka, na kesho yake jingine likawa tayari, na huo ukarimu wa kila siku una gharama: sharti upate maji mara mbili au tatu kwa juma katika kaskazi, matandazo ya majani makavu shinani, na jicho la kuangalia vidung'ata vyeupe vinavyojificha katika ncha za matawi, ambavyo huoshwa kwa maji ya sabuni. Watu wengi huijua ile haibiskasi ya Kichina ya ua pana jekundu. Lakini iko nyingine, ya ua linaloning'inia kichwa chini kwa uzi mrefu, lenye pindo zilizochanikachanika na kupinda juu, nayo siyo ya ugenini hata kidogo; ni ya misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Unguja, alikuwa miongoni mwa waliowajulisha Wazungu habari zake katika miaka ya 1870. Leo hupandwa katika bustani za nchi za joto duniani kote, ikachanganywa na ile ya Kichina kuzaa aina chungu nzima. Yapenda kivuli cha nusu siku, na chini ya mchungwa au mwembe, mahali ambapo boganvilia hufa kwa huzuni, yenyewe hustawi.

Iksora nayo, ile ya vishada vidogo vyekundu vilivyoshikamana, yafaa Maramba kuliko Tanga mjini, na sababu ni udongo. Udongo mwekundu wa miguuni mwa milima una uchachu ambao iksora huupenda, ilhali kule pwani penye mawe ya matumbawe chokaa huifunga chuma iliyomo udongoni isiingie katika mizizi, majani yakawa manjano, na mwenye bustani akadhani ni maradhi.

Mpaka hapa nimesema juu ya rangi ya mchana. Wazee wa pwani hii hawakuichagua miti ya maua kwa rangi. Waliichagua kwa harufu, na katika nchi ambayo wakati wa kaskazi watu hukaa barazani baada ya jua kuchwa, huku nyumba ikiwa bado na joto la mchana, sioni kwamba walikosea. Asumini, ambao uliletwa kwa njia za bahari kutoka pande za Bara Hindi, hufungua maua yake meupe jioni, na bibi wa nyumba huyachuma yakingali matumba ayatunge katika kikuba pamoja na rehani na kilua. Mkilua huu ni mti mdogo wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania; ua lake halivutii macho, lakini harufu yake hukaa nguoni hata baada ya kukauka. Wataalamu walikawia kuupa cheo chake; Bernard Verdcourt wa Kew alipouandika katika mwaka 1970 kuwa jenasi ya peke yake, aliuita kwa Kilatini *Mkilua fragrans*. Unataka kivuli, na haupendi upepo mkavu, basi mahali pake ni nyuma ya nyumba karibu na bafu, ambapo maji hayakosekani. Mhina hauna shida hiyo: hukaa juani, huvumilia ukame, hutoa vishada vidogo vya rangi ya maziwa vyenye harufu ya kulevya, na rangi yake hasa haionekani mtini bali mikononi mwa bi harusi.

Sasa neno la tahadhari, na kwetu linahitajiwa kuliko kwingineko. Wajerumani walipoanzisha mwaka 1902 kituo chao cha utafiti wa kilimo huko Amani, katika milima hii hii, walileta miti na mimea ya ulimwengu mzima kwa majaribio, na baadhi ya ile iliyoletwa na kuoteshwa huko imetoka bustanini ikaingia msituni. Klidemia, kichaka chenye majani ya manyoya na maua meupe madogo, ni mmoja wao. Lantana, yenye vichwa vya maua vya manjano na waridi vinavyopendeza kwelikweli katika kaskazi, imeshika kando za barabara na mashamba yaliyoachwa. Ndege hula tunda lake wakapanda mbegu kila watuapo, na ng'ombe wakila majani yake huugua. Mimi siipandi, wala simpi mtu mche wake, hata akiniomba kwa adabu. Oleanda haikimbilii msituni, nayo huchanua kwa wingi katika joto na kuvumilia hewa ya chumvi, lakini kila sehemu yake ina sumu ya moyo. Usiikate ukawatupia mbuzi, wala usichome matawi yake jikoni.

Kuhusu wakati wa kupanda, kosa la kawaida ni kungoja mpaka hamu ije, nayo huja Januari, wakati mti wa jirani umewaka. Pingili za boganvilia, za mti uliokomaa wenye unene wa kidole, na za haibiskasi, hukatwa masika yanapoanza na kuwekwa kivulini katika mchanga uliochanganywa na mboji; zikishaota hupandikizwa kabla ya kipupwe, zikapata vuli nzima ya kueneza mizizi, na kaskazi hukuta mti ambao haubembelezwi tena. Boganvilia na mnyonyore vipewe nafasi ya hatua mbili kutoka ukutani, maana matawi yanayosugua chokaa huiharibu, na fundi wa kupaka rangi hatakubali kuingia katika miiba hata kwa malipo maradufu.