Dawa na Masharti Yake: Uganga wa Vita katika Fizi na Minembwe

Neno dawa, katika Kiswahili cha Kongo ya Mashariki, lina uwanja mpana. Kidonge cha hospitali ni dawa; maji anayonyunyiziwa mpiganaji kabla ya vita nayo ni dawa. Kadhalika muganga, kama wasemavyo wenyeji, aweza kuwa daktari wa zahanati au mjuzi wa mizizi. Kitenzi kuchanja kimebeba mzigo uo huo: mtoto huchanjwa asipatwe na surua, na mpiganaji huchanjwa asipatwe na risasi. Anayedhani kwamba uganga wa vita ni jambo lililotengwa na maisha ya kila siku angefaa kuanza na msamiati huu.

Katika Fizi mpango huo ulidhihirika wakati wa uasi wa Simba wa mwaka 1964. Waasi waliiteka Uvira mwezi Mei, na Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, mwezi Agosti. Nguvu haikuwa ya kuzaliwa nayo, wala haikupatikana kwa kusoma. Kijana alikabidhiwa na muganga: alichanjwa, unga wa dawa ukasuguliwa katika chale, akanyunyiziwa maji, kisha akaelezwa masharti. Tangu hapo aliitwa Simba, na risasi ya adui ilitarajiwa kugeuka maji kwa ukelele wa "Mai Mulele", yaani maji ya Pierre Mulele, aliyeongoza uasi wa Kwilu, magharibi ya nchi. Mpiganaji hakuruhusiwa kugusa mwanamke, kuiba, kuguswa na mtu asiyepata dawa, wala kugeuka nyuma vitani.

Yafaa itambuliwe kwamba nguvu hiyo ilikuwa ya mkopo. Ilichakaa, ikahitaji kufanywa upya, na mwenye kuifanya upya alikuwa muganga peke yake. Hapo unajitokeza mfanano usiotarajiwa na mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974. Katika kanuni zake za awali, mchawi huweka akilini idadi maalumu ya maneno ya uchawi, na akishalitumia moja humtoka mpaka ajiandae tena. Hesabu ya kuisha na kuanza upya ni ileile. Lakini mchezoni kanuni huwekea mpaka kiasi cha nguvu, ilhali Fizi kanuni ziliwekea mpaka mwenendo wa mtu.

Ushahidi maarufu kutoka eneo hilo umetokana na Ernesto Che Guevara, aliyefika Kibamba, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, Aprili 1965, akaondoka Novemba mwaka huohuo. Katika kumbukumbu zake alieleza jinsi dawa ilivyomlinda tu yule asiyechukua kisicho chake, asiyegusa mwanamke na asiyeogopa. Sharti la mwisho ndilo lililomsumbua zaidi. Aliyeuawa alihesabiwa kuwa aliogopa au alivunja mwiko, na marehemu hawezi kujitetea. Aliyepona aliongeza sifa ya dawa. Hoja ya namna hii haina mlango wa kutokea. Baada ya kushindwa huko Bendera mwezi Juni, lawama zilimwangukia muganga, naye akajitetea kwa kutaja wanawake na woga. Hakusikilizwa, mwingine akatafutwa. Muganga aliweza kubadilishwa; dawa yenyewe haikutiliwa shaka.

Hata hivyo, ni kosa kuyaona masharti hayo kuwa hila tupu. Jeshi lisilo na mshahara wala mahakama lilihitaji kitu cha kumzuia kijana mwenye bunduki asimwibie mkulima, na mwiko ulifanya kazi hiyo kwa bei nafuu. Madhara yalionekana ulipolegea. Simba waliporudishwa nyuma kutoka tambarare za ziwa, walipanda nyanda za juu, kwenye malisho ya Banyamulenge, wakachukua ng'ombe. Kwa wafugaji wengi huko juu, wizi huo ndio uliowasukuma upande wa jeshi la serikali, na uhasama kati yao na majirani zao, wakiwemo Wabembe, haukuishia hapo. Kwa mantiki ya uganga wenyewe, ng'ombe wa kwanza aliyeibiwa angetosha kuyaharibu maji.

Mpango huu una ndugu zake Afrika Mashariki. Maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe yalisambaa kusini ya Tanganyika kuanzia mwaka 1905; Alice Lakwena wa Uganda aliwawekea askari wake amri ishirini mwaka 1986, nao wakapakwa mafuta. Jina la Mai-Mai, lililoenea Kivu katika miaka ya 1990, lahifadhi neno maji kwa matamshi ya Kongo.

Makundi yenye jina hilo yamepigana Fizi na kandokando ya Minembwe katika vita vya baada ya 1998 na tena baadaye, huku vijiji vikichomwa na mifugo ikiporwa na makundi ya pande mbalimbali. Mwiko wa kutogusa mwanamke umesimama mbali na taarifa za ubakaji zilizokusanywa na Umoja wa Mataifa katika Kivu. Miongoni mwa walionyunyiziwa maji wamekuwamo watoto, na baadhi yao walitangulizwa mbele ya mapambano wakiwa na fimbo tu mikononi. Mtoto wa namna hiyo akianguka, maelezo huwa yamekwisha kuandaliwa kabla hajazikwa: aliogopa.