Kisanduku kilichofichwa ndani ya ComboBox

Tuseme unatengeneza programu ya kompyuta ya chama cha ushirika kwa WPF ya Microsoft. Karani anachagua namba ya mkulima kwenye ComboBox, au anaiandika mwenyewe. Tarakimu moja ikizidi, malipo ya mkulima hayaonekani.

Utataka kuweka kikomo, lakini ComboBox haina MaxLength. Anayo TextBox iliyofichwa ndani yake, iitwayo PART_EditableTextBox. Itafute kwa Template.FindName, ukitaja jina hilo na ComboBox yenyewe.

Hapa ndipo wengi hukwama: ukiitafuta mapema, kabla umbo la ComboBox halijajengwa, unapewa null, yaani hakuna kitu, na programu inazimika ghafla. Kwa kawaida tunashauri usubiri tukio la Loaded. Na IsEditable iwe True, la sivyo karani hawezi kuandika chochote.