Petro Alipoambiwa Arudi Kilindini

Masomo: Luka 5:1-11 na Yohana 21:15-19

 

Katika darasa la kipaimara kijana mmoja aliniuliza swali ambalo limenikaa moyoni. Alisema, "Mchungaji, umetufundisha kwamba yatupasa kumpenda Mungu, kumwamini na kumtii. Mimi naona ninampenda, tena ninamwamini. Lakini kutii kunanishinda. Je, mawili kati ya matatu hayatoshi?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, maana swali hilo ni la watu wazima pia. Leo tulijibu pamoja, kwa kumtazama Simoni Petro.

Twende kwanza kando ya ziwa la Galilaya. Ni asubuhi. Petro na wenzake wamekesha wakivua, wala hawakupata kitu. Sasa wanaosha nyavu. Mvuvi akiosha nyavu, jua kazi imekwisha, anawaza usingizi tu. Ninyi mnaokaa Homa Bay au Mbita mnawajua wavuvi wa omena, wanaotoka na taa usiku na kurudi kunapopambazuka. Hebu mwambie mmoja wao saa tatu asubuhi, naye amerudi mikono mitupu, kwamba aingie tena ziwani! Tena huyu anayemwambia Petro hakulelewa katika uvuvi. Alilelewa katika nyumba ya seremala.

Petro hakuficha neno. Alisema wazi kwamba wamefanya kazi usiku kucha na hawakupata kitu. Lakini kwa kuwa Yesu ndiye aliyesema, alikubali kuzishusha. Angalieni jambo hili, ndugu zangu. Petro hakuwa na hakika ya samaki. Alikuwa na hakika ya yule aliyesema naye. Hiyo ndiyo imani. Wengi wetu hungoja mpaka tujisikie tuna imani kubwa, ndipo tutii. Petro alitii akiwa na usingizi machoni. Imani yake ilionekana mikononi, alipozichukua nyavu alizokwisha kuziosha, akazitia tena majini. Kama angalisema, "Bwana, nakuamini," kisha akaenda zake kulala, nani angalijua kwamba aliamini? Ndiyo sababu Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, anaifananisha imani isiyo na matendo na mwili usio na roho.

Lakini Petro huyo huyo alikuja kuanguka. Usiku ule Bwana aliposhikwa, aliota moto katika ua wa Kuhani Mkuu, akamkana mara tatu. Baada ya ufufuo, kando ya ziwa lile lile, penye moto mwingine wa makaa, Bwana alimwuliza mara tatu kama anampenda. Hakumtaka aeleze kwa nini alikana. Wala hakumtaka aape kwamba hatakosea tena. Na kila Petro alipojibu kwamba anampenda, alipewa kazi: kondoo wapo, wanahitaji mchungaji. Upendo wake haukuachwa ukae bure hata siku moja.

Basi, kijana wangu, jibu ni hili. Upendo ndio unaotufanya tutake kutii. Imani ndiyo inayotuwezesha kutii kabla hatujaona mwisho wa jambo. Utii ni upendo na imani vikiwa kazini. Ukiondoa upendo, utii wageuka kuwa utumwa. Ukiondoa imani, utatii siku za samaki tu. Ukiondoa utii, hivyo viwili vyabaki mdomoni.

Wala tusidhani kwamba kwa kutii tunanunua wokovu. Paulo anatufundisha katika Waefeso 2:8-10 kwamba twaokolewa kwa neema, kisha tunayaendea matendo mema ambayo Mungu ametuwekea tayari. Mtoto hafagii ua ili azaliwe. Amekwisha kuzaliwa katika nyumba ile, ndiyo maana anafagia.

Huenda msikilizaji mmoja anasema, "Petro alipata nyavu zilizojaa. Mimi nimetii miaka mingi, na sikuona hata dagaa mmoja." Ndugu yangu, nakusikia. Njoo nikupeleke Rabai, karibu na Mombasa. Johannes Rebmann, Mjerumani, alifika huko mwaka 1846 kumsaidia Ludwig Krapf, ambaye alikuwa amemzika mkewe, Rosina, na mtoto wao mchanga mwaka 1844, muda mfupi baada ya kufika Mombasa. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, kiwete, naye alibatizwa mwaka 1851 akiwa karibu na kufa. Hayo ndiyo mavuno ya miaka ya kwanza! Mwaka 1848 Rebmann aliona theluji juu ya Kilimanjaro, na alipoandika habari hiyo, baadhi ya wataalamu wa Ulaya walimdhihaki. Mwaka 1866 alifiwa na mkewe, Emma. Hata hivyo alikaa. Alipoondoka mwaka 1875, alikuwa amekaa miaka 29 na macho yake yalikuwa karibu kupofuka kabisa. Alifariki mwaka uliofuata. Waamini aliowaacha walihesabika kwa urahisi. Leo Waanglikana wa Kenya tukisimulia mwanzo wa kanisa letu, twaanzia Rabai. Rebmann hakuyaona hayo kwa macho yake. Alishusha nyavu, wengine wakazivuta.

Sasa niseme habari zangu mwenyewe, maana si vizuri mhubiri ajifiche nyuma ya Petro na Rebmann. Mimi na ndugu yangu tuligombana juu ya mpaka wa shamba tulilorithi. Kwa muda wa miaka miwili hatukusalimiana. Katika miaka hiyo nilikiri Imani kila Jumapili bila kukosa neno, na niliwagawia watu mkate na divai kwenye Meza ya Bwana. Kama ungaliniuliza, ningalisema nampenda Mungu. Jumamosi moja nilikuwa natayarisha mahubiri, nikafika Mathayo 5:23-24, pale Bwana anapomwagiza mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu, aende kwanza kupatana na ndugu yake. Niliweka kalamu chini. Nilijua ninaambiwa mimi.

Nilikwenda jioni ile. Sikuwa na hamu, wala sikutazamia mema. Ndugu yangu alinipokea mlangoni, hakunikaribisha ndani. Nilimwambia nimekuja kuomba msamaha kwa maneno niliyomtupia. Alinyamaza, kisha akasema, "Nimesikia." Basi. Nilirudi gizani nikiona kama nyavu zangu zi tupu. Shauri la mpaka lilichukua miezi mingi na wazee wengi. Lakini tulipomzika mama yetu mwaka uliofuata, tulilibeba jeneza pamoja, yeye upande huu, mimi upande ule. Kabla hatujaondoka kaburini alinishika mkono akaniambia, "Siku ile ulipokuja, mama alifurahi sana." Sikujua kamwe kwamba mama alikuwa amepata habari.

Mpendwa, labda wewe nawe unaambiwa urudi kilindini, mahali ulipokwisha kukesha bure. Huenda ni kwa mume au mke ambaye hamsemezani. Huenda ni kwa mtu unayemwia deni, nawe unapita njia nyingine usikutane naye. Huenda ni kwa mwana aliyeondoka nyumbani kwa hasira, au kwa yule mama mkwe. Umeosha nyavu zako ukasema, yamekwisha. Usingoje imani kubwa. Mtazame anayekutuma, uliza moyo wako kama unampenda, kisha uende. Samaki mwachie yeye.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, wewe wajua yote, wajua kama tunakupenda. Utusamehe maneno yetu mengi na matendo yetu machache. Utupe imani ya kutosha kwa hatua ya leo tu, na utupeleke kwa yule ndugu tunayemkwepa. Kwa jina lako tunaomba. Amina.