Mpishi wa Monasteri na Tafakari Yake

Watu wakisikia habari za watawa wa dini ya Buddha, mara wanawaza watu walioketi kimya saa nyingi, miguu imekunjwa na macho yakitazama chini. Ni kweli, watawa wale wanaketi hivyo. Lakini tukiishia hapo, hatutafahamu jambo wanalolitafuta. Swali lao ni swali letu pia: kimya cha asubuhi kinatusaidia nini, kama kengele ya kazi ikilia tunarudia hasira, haraka na manung'uniko?

Tutoe mfano mmoja. Mwaka 1223 mtawa kijana wa Japani, jina lake Dogen, alisafiri mpaka China kutafuta mwalimu. Alipokuwa angali melini bandarini, alifika mtawa mzee, mpishi wa monasteri, kununua vitu vya kupikia. Dogen akamsihi alale pale wapate kuongea. Mzee akakataa, kwani kesho yake alipaswa kuwapikia wenzake. Dogen akashangaa: sababu gani mtu wa umri ule asiwaachie vijana jiko, apate nafasi ya kutafakari na kusoma vitabu? Mzee akacheka, akamwambia kwamba bado hajafahamu tafakari ni nini.

Baadaye, kwenye mlima Tiantong, Dogen alimwona mpishi mwingine, mwenye miaka 68, akianika uyoga katika jua kali, bila kofia. Akamwuliza kwa nini hawatumi wasaidizi. Mzee akajibu kwamba wao si yeye. Na kwa nini hangoji jua lipungue? Mzee akamwuliza naye: angoje saa gani?

Dogen hakusahau maneno hayo. Mwaka 1237 aliandika kitabu kidogo juu ya kazi ya mpishi wa monasteri. Anaagiza mpishi aoshe mchele kwa uangalifu, atoe mchanga bila kupoteza punje. Kila chombo akirudishe mahali pake. Asidharau mboga za kawaida. Tena anamtaka awe na mioyo mitatu. Wa kwanza ni moyo wa furaha, unaoona kuwatumikia wengine kuwa bahati. Wa pili ni moyo wa mzazi, unaotunza maji na nafaka kama mtu anavyomtunza mwanawe. Wa tatu ni moyo mkubwa, kama mlima na bahari, usio na upendeleo.

Mafundisho hayo si ya watawa peke yao. Maandiko ya kale ya Wabuddha yanasimulia habari za kijana Sigala, aliyeinama kila asubuhi kuelekea pande sita za dunia. Buddha alimweleza kwamba pande zile ni watu: wazazi, walimu, mke na watoto, rafiki, watumishi, na watu wa dini. Kuwaheshimu ni kuwatendea inavyopasa. Kwa mfano, bwana ampe mtumishi kazi kadiri ya nguvu zake, chakula na mshahara, amwuguze akiwa mgonjwa, na kumpumzisha kwa wakati wake.

Hapa tusichanganye mambo. Mtawa wa Buddha katika kimya chake hasemi na Mungu Mwumba. Anatafuta kufunguliwa katika tamaa na ujinga viletavyo mateso. Sisi tunafanya kazi mbele ya Baba anayetupenda. Lakini Mtaguso wa Vatikano II, katika tamko la tarehe 28 Oktoba 1965, ulisema kwamba Eklezya haikatai lo lote lililo kweli na takatifu katika dini nyingine. Na Mtakatifu Benedikto, miaka mia saba mbele ya Dogen, aliagiza vyombo vyote vya monasteri vitunzwe kama vyombo vya altare.

Basi, zamu ya kutwanga sombe au kuosha sahani ikitufikia, tujipime. Je, tunaifanya kazi yenyewe, ama tunawaza saa ya kuimaliza? Mwenzetu akichelewa, tunamsemesha namna gani? Na mpishi anayetupikia kila siku, tunajua jina lake, tunajua kama mtoto wake ni mgonjwa? Tukijibu hayo kwa ukweli, tutajua kama kimya chetu cha asubuhi kimezaa kitu.