Jiko la gesi likigoma kuwaka, tafuta kasoro kabla ya kuwasha njiti nyingine

JIKO la gesi linapogoma kuwaka alfajiri ya Juni au Julai, wakati baridi imeutanda mji wa Tunduma, watu wengi huzungusha swichi tena na tena huku wakiwasha njiti ya pili na ya tatu ya kiberiti. Kitendo hicho kina hatari kuliko kasoro yenyewe, kwa kuwa kila jaribio lisilofanikiwa linaweza kuacha ndani ya nyumba gesi inayosubiri cheche.

Elimu juu ya jambo hili inahitajika zaidi wakati huu. Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Hata hivyo, familia ya Tunduma, Vwawa au Mlowo ambayo jiko lake limegoma bila sababu kujulikana ni rahisi kurudi kwenye mkaa.

Hatua ya kwanza ni kunusa. Gesi ya kupikia kwa asili haina harufu. Huchanganywa na kemikali inayonuka vibaya ili uvujaji utambulike. Aidha, gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hivyo hutulia sakafuni. Kama harufu ni kali, usiwashe kiberiti wala usiguse swichi ya umeme. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, watoe watu nje, kisha ukiwa huko piga simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Kama hakuna harufu, fuata njia ya gesi kuanzia kwenye mtungi. Hakikisha swichi zote za jiko zimefungwa, kisha tazama kama valvu ya mtungi imefunguliwa na kama regulata imekaa sawasawa. Baadhi ya regulata zina kinga inayozuia gesi mtungi unapofunguliwa kwa ghafla. Dawa yake ni kufunga, kusubiri kidogo na kufungua polepole. Kagua pia mpira, kwani ukikunjwa au kukandamizwa na jiko, gesi haipiti.

Usipime kiasi cha gesi kwa kutikisa mtungi. Uzito wa mtungi mtupu huandikwa kwenye mtungi wenyewe. Pima mtungi kwa mizani, toa uzito huo, na kinachobaki ndicho gesi. Mtungi wa kilo 15 uliojazwa unapaswa kuwa na kilo 15 juu ya uzito wake mtupu, na ni vyema mnunuzi akadai upimwe mbele yake kabla ya kulipa.

Baridi nayo ina nafasi yake. Ndani ya mtungi gesi iko katika hali ya kimiminika, nayo ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, lakini butani huchemka karibu na nyuzi sifuri. Kwa hiyo asubuhi ya baridi msukumo hupungua, hasa katika mtungi mdogo unaokaribia kwisha, na moto huwa hafifu. Kamwe usiupashe mtungi kwa moto wala usiulaze chini; uache wima mahali penye hewa.

Baada ya mtungi, jiulize swali moja: gesi ndiyo haifiki, au cheche ndiyo haipo? Subiri hewa iwe safi, kisha shika njiti inayowaka karibu na kichomeo kabla ya kufungua swichi. Moto ukiwaka, gesi inafika na kasoro iko kwenye cheche. Huenda betri imekwisha, umeme umekatika kwa jiko linalotegemea umeme kutoa cheche, au kijiti cha cheche kimelowa baada ya chungu kufurika. Kikaushe na ujaribu tena.

Usipowaka, funga mara moja. Jaribu kichomeo kingine kwa namna ile ile. Kikiwaka, kile cha kwanza kimeziba kwa mafuta, masizi au chakula. Kikipoa, kivue, kioshe, zibua matundu yake na ukikaushe kabisa kabla ya kukirudisha. Vyote vikikataa, rudi kwenye mtungi, regulata na mpira.

Ipo kasoro ya tatu: moto unawaka, lakini unazimika mara tu unapoachia swichi. Majiko mengi yana kijiti kidogo pembeni mwa kichomeo ambacho kikipata joto huzalisha umeme kidogo sana, nao huishikilia valvu ibaki wazi. Moto ukizimika, kijiti hupoa na gesi hukatwa. Bonyeza swichi kwa takriban sekunde 10 baada ya kuwasha. Ikishindikana, safisha masizi yaliyokifunika kijiti. Ikiendelea hivyo, mwite fundi. Usiifunge swichi kwa waya ili ibaki imebonyezwa, kwa kuwa utakuwa umeiondoa kinga yenyewe.

Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio. Mapovu yakitokea, gesi inavuja. Usitumie njiti kupima uvujaji.

Regulata na valvu za ndani ya jiko si vitu vya kufunguliwa nyumbani. Mwenye nyumba akaguapo hatua hizi na jiko likabaki kimya, kazi iliyobaki ni ya fundi, na mtungi ukae umefungwa hadi atakapofika.