Injini, mota na kitenzi "zima": istilahi za kubadili ndege ya mfano kuwa ya umeme

Ndege ya mfano ni chombo kidogo kinachoruka kwa kuongozwa na mtu aliye chini mwenye rimoti. Ile wanayojifunzia wanaoanza huitwa ndege ya mafunzo: mabawa yake hukaa juu ya bodi, mwendo wake ni wa taratibu, na hujirudisha sawa inapoyumba. Kwa miongo mingi ndege za aina hii ziliendeshwa na injini ndogo ya pistoni, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 6.5 hivi, inayotumia mchanganyiko wa methanoli, mafuta ya kulainisha na nitromethani. Siku hizi wengi huitoa injini hiyo na kuweka mota na betri mahali pake. Kazi ni ya fundi, lakini mtafsiri na mwalimu wana sehemu yao, kwa kuwa maneno yaliyozoeleka kwa injini huhamishiwa kwenye mota bila kukaguliwa, na mojawapo, *zima*, laweza kumkata mtu vidole.

Injini, mota, mashine

*Injini* ni mtambo unaochoma mafuta ndani yake ili kupata mwendo. *Mota* ni mtambo unaozungushwa na umeme. Maneno yote mawili yametoka Kiingereza, ambako mpaka kati yake haukuchorwa kwa wino mzito. Kiswahili kimeyagawia kazi kwa uangalifu zaidi. Cherehani ya umeme ina mota, pampu ya kisima ina mota. Basi la Tanga kwenda Dar es Salaam lina injini. Kwa hiyo "ndege ya mfano yenye injini ya umeme" ni usemi unaoeleweka lakini usiofaa katika maandishi ya kitaalamu.

Neno la tatu, *mashine*, ni pana kuliko yote mawili. Mashine ya kusaga huitwa hivyo iwe inaendeshwa na dizeli au na umeme, na pwani wavuvi huita mashine kile kinachopachikwa nyuma ya boti. Tongoni, kijiji cha wavuvi kilicho kusini mwa jiji la Tanga, ni mfano mwema wa jinsi msamiati unavyokwenda nguvu ya kuendeshea inapobadilika. Jina lenyewe huhusishwa na *tongo*, yaani mahali palipohamwa, na magofu ya msikiti na makaburi ya kale yaliyopo hapo yanaafikiana na maana hiyo. Katika pwani hiyo chombo cha tanga na chombo cha mashine huegeshwa ufuo mmoja. Mwenye ngalawa *hutweka* tanga na *kulitua*. Mwenye boti *huwasha* mashine na *kuizima*. Lakini wote wawili wana *omo* mbele, *tezi* nyuma na *usukani* wa kuongozea. Maneno ya umbo yamebaki. Maneno ya nguvu yamebadilika.

Kanuni hiyo ndiyo ya kushika hapa. Maneno ya umbo hudumu kiasi cha kuvuka kutoka baharini hadi angani. *Rubani*, neno lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa la bahari kabla ya kuwa la anga: Vasco da Gama, ambaye merikebu yake mojawapo ilikwama kwenye mafungu karibu na Tongoni mwaka 1498, alipata Malindi rubani wa kumvusha hadi India. *Usukani* nao umepanda ndegeni, na *tua*, lililotumika kwa tanga na kwa mzigo, leo ni neno la uwanja wa ndege.

Ndege, na upatanisho wake

*Ndege* mwenye manyoya huchukua viambishi vya viumbe: "ndege ametua mtini." Ndege ya kuundwa huchukua *i-/zi-*: "ndege imetua ufukweni." Ndege ya mfano, hata ikiwa ndogo kuliko kunguru, hufuata upatanisho wa pili. Isichanganywe na *droni*, ambayo kwa kawaida hubeba kamera au mzigo na huweza kujiongoza kwa programu. Droni za umeme zilitumika Zanzibar kuanzia mwaka 2016 kupiga picha za kuchorea ramani ya Unguja na Pemba. Kwa Tanzania Bara na Zanzibar, vyombo vya anga visivyo na rubani ndani yake husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na mwenye kutaka kuvirusha hupaswa kuuliza huko kwanza.

Badilisha, badili, geuza

"Kubadilisha injini" kwa fundi wa gereji ni kutoa injini iliyochoka na kuweka nyingine ya namna ileile. "Kugeuza ndege" kwa rubani ni kuielekeza kwingine. Vitenzi hivi havieleweki barabara mpaka viongezewe kinachokusudiwa: *kubadili ndege ya mafuta kuwa ya umeme*, au *kuigeuza ndege iwe ya umeme*. Matumizi haya yanafaa pia kwa vyombo vikubwa. Kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2017 na baadaye kuitwa Roam, ilianza kwa kubadili magari ya safari za mbugani kuwa ya umeme; bodi na magurudumu vilibaki, injini ikaondoka.

Kinachotoka na kinachoingia

Vinavyotolewa ni injini pamoja na *kabureta* yake, *bomba la moshi*, *tangi* na mipira ya mafuta, na *plagi*. Plagi hii si ile ya pikipiki itoayo cheche. Ndani yake mna kijiwaya chenye platini kinachopashwa moto kwa betri wakati wa kuwasha; baada ya hapo joto la mwako na methanoli yenyewe hukiweka kikiwaka bila umeme. Ndiyo maana injini ya namna hii haina swichi ya kukata cheche: huzimwa kwa kunyimwa mafuta au hewa.

Vinavyoingia ni vitatu. *Mota isiyo na brashi* hufungwa kwenye ukuta wa mbele wa bodi, kwa kitako kinachoiweka *rafadha* pale pale ilipokuwa. *Kidhibiti kasi* hupokea amri ya rimoti na kuipimia mota umeme. *Betri ya lithiamu* hukaa mahali palipokuwa na tangi, chini ya kifuniko kipya cha kuitolea. Kabla ya kugundisha chochote, mbao zilizolowa mafuta kwa miaka husafishwa mpaka zikauke, kwa kuwa gundi haishiki juu ya mafuta. Tundu la kuingiza hewa huachwa mbele na lililo kubwa zaidi nyuma, ili kidhibiti na betri vipoe.

*Rafadha* ndilo neno sanifu la kisukumio chenye mapanga; *pangaboi* husikika zaidi mitaani, lakini wengi humaanisha feni ya darini. Mota ikizunguka kinyume, waya zozote mbili kati ya tatu zitokazo kwenye kidhibiti hubadilishanwa nafasi. Jaribio hilo hufanywa rafadha ikiwa imevuliwa.

Kani, nguvu, nishati

Katika mazungumzo, *nguvu* hubeba mambo matatu ambayo fizikia huyatenganisha. *Kani* ni msukumo wenyewe, ule rafadha inaouvutia ndege mbele. *Nishati* ni akiba iliyomo tangini au ndani ya betri. *Nguvu* ni kiasi cha nishati kinachotumika kwa kila sekunde, nayo hupimwa kwa *wati*. Anayetafsiri "betri yenye nguvu" hana budi kujua ni lipi linalokusudiwa: betri inayodumu, au inayoweza kutoa umeme mwingi kwa mara moja.

Hesabu ya mfano hulidhihirisha jambo hili. Ndege ya mafunzo yenye uzito wa kilo 2.5 huruka vizuri kwa wati 220 kwa kila kilo, yaani wati 550 mota inapofunguliwa yote. Betri ya seli nne, kila moja volti 3.7, hutoa volti 14.8. Wati 550 zikigawanywa kwa volti 14.8 ni ampea 37 hivi. Kidhibiti cha ampea 50 au 60 kitatosha bila kuungua. Hiyo ndiyo nguvu. Betri hiyo ikiwa na ampea-saa 4, nishati yake ni wati-saa 59. Asilimia 80 tu ndiyo itumike ili seli zisiharibike, nayo ni wati-saa 47. Ndege ikiruka kwa wastani wa nusu ya nguvu, wati 275, itakaa angani dakika 10 hivi.

Mota huandikwa pia tarakimu inayoonyesha mizunguko yake kwa dakika kwa kila volti inapokuwa haina mzigo. Yenye tarakimu 800 ikipewa volti 14.8 ingezunguka karibu mara 11,800 kwa dakika. Rafadha ikifungwa, hupungua. Kwa hiyo mota huvalishwa rafadha kubwa kuliko ya injini, yenye kipenyo cha inchi 12 au 13 badala ya 10, izunguke polepole zaidi na kusukuma hewa nyingi zaidi.

Farumi na kitovu cha uzito

Mabaharia huita *farumi* mawe au mchanga uwekwao chini ya chombo kitupu ili kisipinduke. Neno hili lastahili kutumiwa kwa kipande cha risasi kinachowekwa puani mwa ndege ili kuisawazisha. *Kitovu cha uzito* cha ndege ya mafunzo huwa kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, kuanzia ukingo wa mbele. Mkia ukizidi uzito, ndege haiongozeki. Faida ya umeme ni kwamba betri husogezwa mbele au nyuma mpaka ndege isimame mizani, na farumi huenda isihitajike kabisa. Zaidi ya hayo, tangi huwa jepesi kadiri mafuta yanavyotumika, ilhali betri iliyotumika ina uzito uleule wa iliyojaa. Ndege hutua ikiwa na mizani iliyopaa nayo.

Washa, zima, simama, chomoa

Hapa ndipo neno la nguvu linapomponza mtumiaji. *Zima* asili yake ni moto: huzimwa kuni, taa, na kwa kuwa injini huchoma mafuta, huzimwa injini pia. Injini ikizima, kelele hukoma na rafadha husimama; ukimya ni dalili ya kutosha kwamba mkono waweza kukaribia, na ili iwake tena ni lazima mtu aipashe moto plagi na kuizungusha. Masikio ya mwanafunzi yamekwisha kufunzwa hivyo na pikipiki, jenereta na mashine ya boti.

Mota haiko hivyo. Betri ikiwa imechomekwa, mota iliyosimama kimya inangoja amri tu. Kiwiko kikigusa kijiti cha rimoti, rafadha huzunguka kwa nguvu yake yote papo hapo, na haisimami kwa kukutana na kidole, kwani kidhibiti huendelea kuisukuma. Kiswahili kina neno la hali kama hiyo kutoka mzizi uleule: mtu *aliyezimia* ametulia, lakini yu hai. Mafundi umeme nao huita waya wenye umeme "waya wa moto", ingawa hauonyeshi mwali.

Kwa hiyo katika mwongozo, somo au tafsiri, hali tatu zitenganishwe. *Rafadha imesimama* hueleza kinachoonekana tu. *Mota imezimwa* hueleza amri iliyotolewa kwa rimoti. *Betri imechomolewa* ndiyo hali ya usalama, na ndiyo pekee inayoruhusu kugusa. Sentensi "Zima mota kabla ya kugusa rafadha" ni sahihi kisarufi na ni hatari kimaana. Iandikwe: "Chomoa betri kwanza, ndipo uguse rafadha." Na kwa kuanza: "Washa rimoti, hakikisha kijiti kiko chini, kaa nyuma ya rafadha, ndipo uchomeke betri."

Usemi wa "chaji imekwisha" nao uangaliwe. Mafuta yakikwisha, hayapo. Lakini volti zikishuka, kidhibiti huikatia mota umeme kikiacha akiba ya kuendeshea usukani, ili ndege iweze kutua bila msukumo. Seli zikipumzika kidogo, volti hupanda, na mota iliyodhaniwa imekufa yaweza kuzunguka tena mikononi mwa aliyekwenda kuiokota ndege mchangani. Usemi ufaao ni *mota imekatiwa umeme*, na anayeiokota ndege huanza kwa kuchomoa betri.

Betri yenyewe haiachiwi neno "salama" kwa sababu tu imechomolewa. Seli ya lithiamu iliyovimba, kutobolewa au kuchajiwa kupita volti 4.2 huweza kuwaka kwa ghafla. Huchajiwa mbele ya macho ya mtu, juu ya kitu kisichoungua, na iliyovimba haitumiki tena.