BMX ya mtumba kwa mtu mzima? Nunua, ila kagua breki

Baba mwenye presha akinunua BMX ya mtumba hapa Dodoma, majirani watasema kampokonya mtoto baiskeli. Waache waseme. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi yenye raha hayaachwi upesi.

Kabla ya kulipa, kagua. BMX nyingi zina breki ya nyuma tu, nyingine hazina kabisa. Ibane, sukuma baiskeli. Gurudumu likiendelea kuzunguka, itengenezwe kwanza. Tafuta nyufa kwenye maungio ya fremu. Kiti chake ni kifupi, magoti hujikunja mno: zunguka mtaani, si safari ya Chamwino. Kofia ngumu nunua mpya. Ya mtumba huenda ilishagonga chini.

Kama presha haijatulia, au kifua hubana, anzia kliniki.